Upande wa Pili wa Santuri ya Babu

Nimepotea kidogo, najua. Wale walioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika, asanteni sana. Sijaacha. Nilizama kwenye kazi moja ndogo iliyogeuka kubwa, na leo ndiyo nataka kuwasimulia. Wanaosubiri sehemu ya pili ya makala yangu juu ya hifadhidata wawe na subira. Leo ni muziki.

Desemba iliyopita nilikuwa Voi kwa babu yangu. Babu amepita miaka 75 sasa. Ujana wake aliumalizia Nairobi, mchana kwenye karakana ya reli, usiku kwenye bendi akipiga gita. Sitaitaja bendi wala wimbo, kwa sababu haki za nyimbo zile zimeuzwa na kuuzwa tena mpaka hajulikani mwenyewe nani, na babu hataki maneno. Inatosha mjue kwamba mwaka 1974 walirekodi wimbo mmoja uliopendwa, ukatoka kwenye santuri ndogo, ile ya inchi 7.

Jioni moja nikataka kumfurahisha mzee. Nikautafuta wimbo kwenye simu, nikaupata. Mtu fulani, sijui yuko nchi gani, ameupandisha YouTube pamoja na picha ya ile karatasi ya katikati ya santuri. Nikauwasha, simu nikaiweka mezani. Babu akasikiliza akitikisa kichwa polepole. Waimbaji, kiitikio, tarumbeta, dakika nne na kitu, kisha sauti ikafifia, kimya. Nikangoja aseme neno.

"Haya, weka upande wa pili."

Nikamwambia hakuna upande wa pili, wimbo umekwisha.

"Umekwishaje? Mimi bado sijapiga."

Ndivyo ilivyo. Upande A ni wa waimbaji na tarumbeta, na babu huko anachombeza tu nyuma. Gita lake lote, lile ambalo wazee wa rika lake wakikutana naye sokoni bado humwigizia kwa vidole, liko upande B. Aliyepandisha wimbo alirekodi upande mmoja akaona kazi imekwisha. Kwa mujibu wa intaneti nzima, babu yangu hajawahi kupiga gita.

Ningeweza kumlaumu huyo mtu nikalala usingizi. Lakini mimi mwenyewe mikono yangu si safi. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kwa kampuni moja (siitaji) iliyokuwa ikitayarisha vipande vya nyimbo vya kuwekwa kwenye simu, vile anavyovisikia anayekupigia kabla hujapokea. Nyimbo mpya zilikuja zikiwa zimechaguliwa kipande tayari. Nyimbo za zamani hazikuwa na mtu wa kuzichagulia. Kwa hiyo niliandika skripti fupi, mistari kama 40 hivi, iliyochukua kila faili, ikakata sekunde 30 za mwanzo, ikapunguza sauti mwishoni, ikahifadhi. Niliiacha ikafanya kazi usiku kucha, asubuhi nikaja nikakuta maelfu ya nyimbo zimechinjwa, nikapongezwa. Rumba, benga, taarab, zote sekunde 30 za mwanzo. Katika nyimbo hizo sekunde 30 za mwanzo mara nyingi hata mwimbaji hajafungua kinywa.

Basi niliporudi Nairobi nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ni nani aliyeamua wimbo uwe na urefu gani. Jibu fupi ni kwamba mwanzoni aliyeamua alikuwa mfua chuma.

Thomas Edison alitengeneza mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, na mitungi ya nta iliyokuja kuuzwa baadaye ilibeba kama dakika mbili. Emile Berliner akaja na santuri bapa mwaka 1887. Mpaka kufikia zile santuri za kuzunguka mara 78 kwa dakika, nyeusi, nzito, zinazovunjika kama kigae, upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba dakika tatu hivi. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India, utomvu ule ule uliotumika kwa lakiri ya kufungia barua. Dakika tatu hazikutokana na utafiti wa masikio ya binadamu. Zilitokana na upana wa mtaro, kasi ya kuzunguka, na mahali sindano inapogota kwenye karatasi. Mwanamuziki aliyetaka kuuza ilimbidi aingie humo.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Shaaban Robert ameandika maisha yake, kitabu kipo, kisomeni. Mimi ninachofikiria kila nikikisoma ni fundi wa huko Bombay akitazama saa. Taarab haina haraka. Harusini wimbo mmoja unaweza kwenda robo saa, kwa sababu beti zina wenyewe, mtu anainuka kutunza, mwimbaji anarudia ubeti kwa heshima yake au kwa kumchoma jirani yake. Santuri haitunzi mtu. Dakika tatu, basi. Kilichofika kwenye maduka ya Mombasa na Dar es Salaam kilikuwa taarab bila watu wake. Na bado ilipendwa kupita kiasi, kwa sababu ilikuwa Kiswahili kinachotoka kwenye mashine, jambo ambalo wengi hawakuwa wamelisikia.

Sasa tufike kwenye santuri ya babu. Kampuni ya RCA Victor ilitoa santuri ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya Columbia kutoa ile kubwa ya kuchezwa muda mrefu. Wanaopenda hesabu nifuateni. Kwenye santuri ndogo sehemu inayoandikwa sauti ina upana wa sentimita 3 hivi. Wimbo wa dakika 5 unazunguka mara 225. Gawanyeni: kila mzunguko unapata kama milimita 0.13. Ndani ya nafasi hiyo mtaro lazima uyumbe kulia na kushoto kwa kufuata sauti, na besi nzito ndiyo inayoyumbisha zaidi. Ukitaka besi, mtaro unataka nafasi, muda unapungua. Ukitaka muda, unabana mitaro, sauti inakuwa ndogo na besi inakonda. Hakuna njia ya tatu. Sisi watu wa programu tunadhani tulivumbua tatizo la kubana data, kumbe fundi wa santuri alikuwa akipambana nalo kwa sindano.

Muziki wa Kongo uliotawala Afrika Mashariki miaka ile haukutaka kubanwa. Ulikuwa na sehemu mbili: kwanza mashairi, pole pole, mwimbaji analalamika juu ya mapenzi, halafu magita yanashika mbio na watu wanacheza. Sehemu hiyo ya pili wenyewe wanaiita sebene, sisi tukaiita klaimaksi, na Watanzania wana neno tamu zaidi, chemko. Dakika 4 au 5 hazitoshi vyote viwili. Kwa hiyo wakagawanya. Tazameni karatasi za santuri za Kinshasa na Nairobi za miaka ya 1960 na 1970, mtaona jina la wimbo na namba 1 upande huu, jina lile lile na namba 2 upande ule. Maneno A, magita B.

Hapo ndipo jambo hili linaponoga, kwa sababu redio haikuwa na muda wa kugeuza. Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989, ilikuwa na vipindi vya salamu, watu wakituma kadi kuwasalimu jamaa kuanzia Lokitaung mpaka Lunga Lunga, na kati ya salamu wimbo unapigwa. Babu anasema upande wao uliopigwa ulikuwa A siku zote. Kwa hiyo kulikuwa na nyimbo mbili ndani ya wimbo mmoja. Aliyesikiliza redio nyumbani aliujua wa maneno. Aliyekwenda baa yenye mashine ya santuri, au dansini, aliujua wa magita. Mwimbaji alijulikana nchi nzima, mpiga gita alijulikana na wale waliokesha.

Tanzania mambo yalikwenda tofauti kidogo. Bendi za huko zilizotaka santuri zilitegemea viwanda vya Nairobi, lakini Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikizirekodi yenyewe kwenye kanda za studio ili zipigwe hewani. Kanda haina upande wa kugeuza katikati ya wimbo. Sikilizeni rekodi za Radio Tanzania za miaka ya 1970 mtasikia chemko linavyoingia ndani ya pumzi ile ile ya mashairi, hakuna mshono.

Halafu ikaja kaseti. Philips waliionyesha kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963, lakini kwetu ilishika hasa miaka ya 1970 kuelekea 1980. Kaseti ya dakika 60 ni nusu saa kila upande, na mara moja pumzi ikarudi. Mombasa taarab ilipata tena harusi yake: mtu akirekodi usiku mzima, vigelegele, watu wanaotunza, na ukumbi wenyewe, kisha kanda inauzwa madukani, na wazee wa Mombasa watawatajia Mbwana Radio Service bila kuulizwa. Juma Bhalo alitumia nafasi hiyo vizuri kuliko wengi. Mashairi yake marefu ya Kimvita aliyavika tuni za filamu za Kihindi ambazo watu walikuwa wametoka kuzisikia sinema. Hebu fikirieni mnyororo huo: sinema ya Bombay, shairi la Mombasa, kanda ya Waholanzi. Hakuna aliyekaa kikaoni akaupanga.

Na santuri kubwa nayo ilikuwa imeanza kuchukua nyimbo ndefu. Mwaka 1985 Franco na TPOK Jazz walitoa "Mario", dakika 14 hivi, kisa cha kijana anayelelewa na mwanamke mwenye mali. Kisa kile hakisimuliki kwa dakika 4. Sebene inangoja mpaka mwanamke amalize kulalamika, na ana mengi.

Kaseti hiyo hiyo ndiyo iliyowaua kina babu. Mtu mwenye redio ya vinywa viwili alikuwa na kiwanda. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 biashara ya santuri Nairobi ilikuwa imekwisha, na babu alikuwa amesharudi Voi.

CD nitaipita haraka. Ilitoka Japani mwaka 1982 ikibeba dakika 74, na kuna hadithi maarufu kwamba zilichaguliwa ili Simfoni ya Tisa ya Beethoven iingie bila kukatwa. Kees Immink, mhandisi wa Philips aliyekuwamo kazini, ameipinga hadithi hiyo. Mimi naona watu wanaipenda kwa sababu ni hadithi pekee ambamo chombo kilipimwa kwa muziki, badala ya muziki kupimwa kwa chombo.

Turudi kwenye simu. Safaricom walianzisha Skiza mwaka 2009. Mnajua ilivyo, unapiga *811# unachagua wimbo, anayekupigia anausikia badala ya ule mlio wa kawaida. Mapato yake yakawa makubwa kwa wanamuziki wengi kuliko santuri ilivyowahi kuwa, ndiyo maana hadi leo video za injili zinaonyesha namba ya Skiza chini kabla hata jina la mwimbaji halijasomeka. Lakini fikirieni msikilizaji wa Skiza ni nani. Ni mtu anayetaka wimbo ukatike. Anaomba upokee. Mteja anayelipa hausikii, anayeusikia hakuuchagua, na akibahatika anasikia sekunde 10. Tangu Edison hakujawahi kuwa na chombo cha ajabu namna hii. Watunzi hawakuwa wajinga, wakaanza kuweka kiitikio mwanzoni kabisa.

Spotify walipoingia Kenya Februari 2021 ukomo wa chombo ulikuwa umekufa zamani. Faili haijali kama wimbo ni dakika 2 au saa 2. Kwa mantiki ya kawaida huu ungekuwa wakati wa nyimbo za nusu saa. Badala yake nyimbo zimefupika. Kwa nini? Kwa sababu wimbo unahesabiwa umesikilizwa ukifika sekunde 30, na ukisikilizwa dakika 2 au dakika 9 hesabu ni moja. Wimbo wa dakika 9 ni hasara. Utangulizi wa gita wa dakika nzima ni hatari, msikilizaji atakuwa ameshapita. TikTok nayo ilianza na video za sekunde 15, na ingawa baadaye waliongeza hadi dakika 3 mwaka 2021 na 10 mwaka 2022, mazoea yalikuwa yameshaota mizizi.

Hili ndilo lililonishangaza katika kusoma kwangu kote. Zamani tulibanwa na chuma na utomvu, vitu ambavyo huwezi kubishana navyo. Sasa tunabanwa na mstari mmoja wa msimbo, kitu kama `if (sekunde >= 30)`, ambao mtu aliuandika Jumanne moja na angeweza kuandika kingine. Najua, kwa sababu namba yangu mimi, ile 30 ya skripti yangu, nilipewa kwenye barua pepe na sikuuliza. Mfua chuma hakuwa na hiari. Mimi nilikuwa nayo.

Na kule YouTube, kwa wale mnaodhani kila kitu kimehifadhiwa: kuanzia mwaka 2006 mtumiaji wa kawaida hakuruhusiwa kupandisha video inayozidi dakika 10. Mwaka 2010 zikawa 15, na mwishoni mwa mwaka huo ndipo wakaanza kuondoa kikomo. Hiyo ndiyo miaka ambayo wapenzi wa muziki wa zamani walikuwa wakipandisha hazina zao kwa bidii. Wimbo kama "Mario", uliokuwa umeponea santuri ndogo, ulilazimika kukatwa vipande viwili tena, mwaka 2007, na kompyuta.

Basi nikaamua kulipa deni langu kwa wimbo mmoja. Santuri ya babu ilikuwapo, kwenye sanduku chini ya kitanda, imefungwa kwa gazeti. Niliazima mashine ya santuri kwa rafiki, nikasafisha santuri kwa maji na sabuni kidogo, nikarekodi pande zote mbili kwa Audacity. Upande A dakika 4 na sekunde 20, upande B dakika 4 na sekunde 50. Mpango wangu ulikuwa rahisi. A inafifia mwishoni, B inapanda mwanzoni, kwa hiyo bila shaka kulikuwa na kanda moja ya studio iliyokatwa katikati. Nitafute mahali zinapofanana, niunganishe, nirudishe wimbo mzima kama ulivyopigwa. Wimbo wa dakika 9 ambao dunia haijausikia.

Niliandika programu ya kulinganisha sekunde 20 za mwisho za A na sekunde 20 za mwanzo za B, ikisogeza moja juu ya nyingine kidogo kidogo ikitafuta zinapolingana. Haikupata kitu. Nikadhani ni mikwaruzo, nikaisafisha sauti. Haikupata kitu. Nikadhani mashine ya rafiki yangu inayumba kasi, nikapima mapigo. A inaisha kwenye mapigo 112 kwa dakika, B inaanza kwenye 121. Na sauti yenyewe ya chumba ni tofauti: kwenye A tarumbeta iko puani mwako, kwenye B iko mbali kama inapigwa nje ya mlango, na gita ndilo lililo mbele.

Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nina digrii ya sayansi ya kompyuta, sikusimama. Nikaharakisha mwisho wa A pole pole mpaka ukafikia mwendo wa B, nikaondoa kufifia, nikapanga pigo juu ya pigo, nikazipitisha moja ndani ya nyingine kwa sekunde 6. Kazi ya jioni tisa. Ukiisikiliza hujui mshono uko wapi. Nilijivunia kazi ile kuliko programu yoyote niliyowahi kulipwa.

Pasaka nikaipeleka Voi kwenye flashi. Nikamwamkia mzee, nikaiweka kwenye spika. Babu akasikiliza. Ilipofika pale pa kuungana akainua kichwa, akakunja uso, na gita lake likaingia, lile lenyewe, lililokuwa halipo duniani, na hakutabasamu.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, babu."

"Mbona hamkutupa nafasi ya kupumua?"

Nikamweleza habari ya kanda ya studio, jinsi fundi alivyoikata vipande viwili, jinsi nilivyoirudisha. Akaniacha nimalize, halafu akacheka mpaka akakohoa. Hakukuwa na kanda moja. Studio ilikuwa na maikrofoni mbili za maana. Ukutani kulikuwa na saa. Waimbaji walisimama mbele ya maikrofoni moja, tarumbeta kando yao, wakapiga mpaka fundi alipoinua mkono. Wakasimama. Waimbaji wakatoka nje kuvuta sigara, mpiga tarumbeta akarudishwa nyuma ukutani, maikrofoni ikahamishiwa kwenye spika ya gita la babu, na wakaanza upande B wakiwa wamepoa na kupata moto upya. Ndiyo maana mwendo ni tofauti.

"Na dansini mlipigaje, bila saa?" nikauliza.

"Vivyo hivyo. Watu walikuwa wameshauzoea wimbo kwa santuri. Tulipojaribu kuunganisha walilalamika. Pale tulikuwa tunasimama, mwimbaji anashuka kunywa maji, watu wanafuta jasho, wengine wanabadilisha wa kucheza nao. Halafu mimi naanza peke yangu. Ukiondoa pale, mimi naanzia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja kuondoa kovu lililoachwa na chuma, na kumbe wenyewe walikuwa wameshaligeuza kuwa mlango.

Nikamuuliza nafasi ile ilikuwa ya muda gani, nimrudishie. Akasema dakika moja. Bibi yangu, aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni na sikujua kama anasikiliza, akasema dakika moja ni ya dansini, nyumbani haikuwa hivyo, na nyumbani aliyekuwa akigeuza santuri ni yeye, kwa sababu mzee alikuwa na mikono ya mafuta ya garimoshi. Wakabishana kidogo. Mwishowe nikamwomba bibi anionyeshe. Akaweka ungo chini, akainuka, akaenda mpaka pale ilipokuwa mashine zamani, ambapo sasa pana televisheni, akainua sindano ya hewa, akageuza santuri ya hewa, akaipuliza vumbi, akashusha. Mimi na simu yangu nikapima. Sekunde 19.

"Hayo ni magoti ya sasa," akasema. "Andika kumi na moja."

Nikaandika 11. Toleo hilo ndilo nililojaribu kuliingiza kwenye huduma moja ya kusambaza nyimbo, faili moja, A, kimya cha sekunde 11, B. Mfumo wao ukalikataa wenyewe, bila binadamu kuliangalia: faili ina kimya kirefu kisichokubalika, tafadhali rekebisha. Nikawaandikia kueleza. Nikajibiwa kwa maneno yale yale. Wakanishauri nizitume kama nyimbo mbili. Nikizituma kama mbili, A itasikilizwa kidogo na B haitafunguliwa na mtu, na Spotify tangu 2024 hailipi wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12. Bado sijaamua. Si pesa inayonisumbua, babu hata hajui kama kuna pesa. Ni ile sehemu ya B kuwa hapo bila A, au A bila B, tena.

Kwa sasa toleo la sekunde 11 liko kwenye flashi, na flashi iko kwenye redio ya Voi. Nikiwapigia simu jioni mara nyingine nakuta limewashwa. Nasikia waimbaji, nasikia tarumbeta, sauti inafifia, halafu kimya, na bibi anasema subiri kwanza, usiongee.

Haya, hifadhidata wiki ijayo. Na kama kuna msomaji mwenye santuri chini ya kitanda cha mtu, aniandikie kabla hajaanza kuunganisha.